Waweza au Mwaweza

Mwaka 1664, kaskazini mwa Uingereza, Dorcas Hebblethwaite alisimama mbele ya Jaji Oxley kumwombea mumewe. Amos alikuwa ameletwa kutoka gerezani na pingu mikononi, akikohoa damu. Kosa lake ni kusali na watu wa dhehebu lake, Marafiki, bila kibali cha serikali.

"Rafiki," Dorcas akaanza, "waweza kumfungua mume wangu."

Watu wote barazani wakageuka kumtazama. Alikuwa ametumia kitenzi cha kale cha umoja, canst kwa Kiingereza, ambacho watu wa mji walikwisha kuwaachia watoto, mbwa na sala. Mkubwa aliambiwa kwa wingi, kana kwamba yeye ni watu wawili. Marafiki walikataa katakata: mtu ni mmoja, awe mfalme au mkamua ng'ombe.

"Rafiki yako nani, we mwanamke? Tulichunga kondoo pamoja?"

Watu wakaangua kicheko. Oxley hakucheka.

"Sema 'mwaweza'. Neno hilo tu, na mumeo analala kwako leo. Ukikataa, anarudi shimoni."

Dorcas akamtazama Amos. Amos akatikisa kichwa: usiseme. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Kutoka shimo lilelile, shemeji yake Dorcas alitolewa amefunikwa gunia.

"Nangoja, mama."

Dorcas akajaribu kukwepa maneno yote mawili. "Amos Hebblethwaite ni mgonjwa. Afunguliwe."

"Hee, mjanja huyu! Afunguliwe na nani? Niambie mimi, usoni."

Dorcas akamgeukia Amos tena. Oxley akampa mlinzi ishara, naye akaukamata mnyororo wa pingu na kuanza kumburuta Amos kuelekea mlangoni. Amos akajikwaa, akaanguka kwa magoti.

"Mwaweza!" Dorcas akapiga ukelele. "Mwaweza kumfungua!"

Pingu zikatolewa.

Njia nzima Amos hakutamka neno. Alimwegemea mkewe begani, na kila kikohozi kilipomshika walisimama. Walipofika darajani Dorcas akashindwa kuvumilia.

"Nitukane basi, Amos. Sema chochote."

Amos akajiketisha juu ya ukuta wa mawe. "Nilikutikisia kichwa."

"Nilikuona."

"Basi ulivyokuwa unakawia," akasema, "niliogopa utanitii."

Dorcas akaketi kando yake. Wakakaa hapo mpaka pumzi ikamrudia, kisha wakaendelea kupanda kilima.