Sabina Aweka Usinga Chini

Siku ya uchaguzi Sabina aliamka na furaha ya mtu anayekwenda harusini, na kabla hajasukutua akasikia ngoma. Zilikuwa za Ngosha, kiongozi wa wachezaji wa Bagalu, na zilikuwa zinamwita yeye.

"Mzee huyu hana haya!" alisema, akacheka. Kisha kicheko kikamkauka.

Hapo mtaani kwao, Buhongwa, nani alikuwa amesahau ya miaka mitano iliyopita? Chama cha Jasho, chama cha wachuuzi na vibarua, kilikuwa kimeushika mtaa. Mwenyekiti alikuwa Maige, mwalimu mstaafu. Walivuta maji, wakajenga kioski, na kila kaya ikachota kwa zamu, mwenye ghorofa nyuma ya mwenye kibanda. Siku ya kura Ngosha, mtu wa chama pinzani, akampigia Sabina ngoma, na Sabina akaitika na Bagika, wachezaji wake, wote watu wa Jasho. Mashindano ya Wasukuma ndivyo yalivyo: vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na kinachovuta watu wengi ndicho mshindi. Anayeondoka ameshindwa. Bagika walicheza tangu asubuhi, na saa kumi jioni, Sabina akiwa amebebwa juu juu kwa vigelegele, shule ilikuwa inafunga mlango wa kupigia kura. Ngoma walishinda kwa mbali. Mtaa waliukosa kwa kura kumi na nne, na wachezaji wa Bagika peke yao walikuwa thelathini.

Hakuna aliyewaibia. Walijiibia wenyewe, njuga miguuni. Kioski kikapigwa kufuli, akapewa mtu mmoja auze maji apendavyo, na kila Sabina alipokipita na ndoo kichwani aliona aibu kana kwamba kufuli lile amelifunga yeye.

Dorcas, mke wa mwanawe, aliingia mbio. Yeye ndiye alikuwa wakala wa chama kituoni.

"Shikamoo, mayo," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Umesikia?"

"Nimesikia. Na wachezaji wako wako uwanjani, wameshavaa."

Sabina alichukua usinga wake akatoka bila chai. Uwanjani moyo ulimruka. Mtaa mzima ulikuwa umefika! Bagalu upande ule, vumbi hadi magotini, Ngosha katikati na unga mweupe usoni. Upande huu Bagika wake, miguu ikiwawasha. Naye ikamuwasha, asidanganye mtu. Miaka kumi na minane hakuwahi kushindwa katika uwanja ule.

"Tucheze kidogo tu, mayo," alisema Mashimba, mpiga ngoma wake mkuu. "Saa mbili ikifika tunakwenda kupiga kura."

Kidogo! Sabina aliijua kidogo hiyo. Ndiyo iliyokula siku nzima mara ile.

Akatembea hadi katikati, watu wakimshangilia wakidhani anaanza wimbo. Akainama, akauweka usinga chini.

Upande wa Ngosha ukalipuka. Watu walirukaruka, wakaimba jina lake kwa kejeli, na wale waliokuwa wamesimama upande wa Bagika wakaanza kuhamia kule. Ilimuuma. Ilimuuma hadi machozi.

"Mayo, unatuuza?" Mashimba alifoka.

"Nimeshindwa mimi, si nyie. Semeni hivyo kokote mtakakokwenda. Sasa vueni njuga, twendeni shuleni."

Alitangulia bila kugeuka nyuma, maana angegeuka asingeweza kuendelea. Alisikia njuga zikivuliwa, moja, kisha nyingi. Mashimba alifika wa mwisho, ngoma begani, amenuna. Askari wa mlangoni akamwambia aiache nje. Akaiacha, akapanga foleni.

Kutwa nzima Bagika walizunguka nyumba kwa nyumba wakiamsha wagonjwa, wakibeba vikongwe kwa bodaboda, wakishika watoto wa akina mama waliokuwa kwenye foleni. Huko uwanjani ngoma za Ngosha ziliendelea kunguruma, na vigelegele vikizidi. Sabina alivisikia vyote.

Saa kumi mlango ukafungwa. Kura zikahesabiwa darasani, Dorcas akiwa ndani, Sabina dirishani na Maige, aliyegombea tena, kando yake akitafuna kofia yake. "Maige!" ilisomwa karatasi. "Maige!" Kisha ya mpinzani, nne mfululizo, na Sabina akaushika mkono wa mzee wa watu hadi akalalamika. Kisha Maige tena. Jua lilikuwa bado juu Dorcas alipogeukia dirisha akanyoosha vidole viwili, kisha vitatu. Ishirini na tatu zaidi!

Sabina alipiga yowe lililosikika barabara ya Shinyanga. Mtaa wao! Kioski chao! Alimrukia Maige, akamrukia Mashimba, akacheza bila ngoma hata moja.

Hapo ndipo Ngosha alipoingia getini, Bagalu wote nyuma yake, jasho na unga vikimtiririka. Alikuwa na usinga wa Sabina mkononi, akiupunga juu.

"Tumeshinda, Sabina! Leo tumekushinda!"

"Mmenishinda, ndugu yangu. Hongera sana," alisema Sabina, naye alimaanisha. "Na kura mmepiga saa ngapi?"

Ngosha aliutazama mlango uliofungwa. Akawatazama wachezaji wake, mmoja mmoja, hadi wa mwisho. Usinga ukashuka wenyewe.

"Foleni," aliuliza taratibu, "imeisha?"