Dada Chebet Mpendwa

Kanisani Mesaimeer, hapa Doha, siku ya Ijumaa, Wakenya wenzangu huniita Sista kwa sababu mimi ni nesi. Sijawahi kuwasahihisha. Hawajui kwamba neno hilo nililipata kwa magoti kabla sijalipata kwa cheti. Nilikuwa Sista Imakulata, mtawa wa nadhiri za muda, hadi baba alipopooza na Mama Mkuu akaniruhusu kutoka nikamuuguze. Baba akafariki. Badala ya kurudi utawani nikaja Doha kuwasomesha wadogo zangu, mwaka mmoja tu, nikajidanganya. Ikawa mitatu.

Nadhiri zangu zilikuwa zinakwisha tarehe nane Desemba. Nisipozirudia, basi, mimi si mtawa tena. Nikamwandikia Mama Mkuu kuomba kurudi. Nilijipa moyo kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nikangoja, na kungoja kwenyewe kukanimaliza.

Ninayemhudumia kule Al Wukair ni Ustadh Fahmi, Mmisri aliyefundisha historia ya kale maisha yake yote. Sasa hawezi hata kujigeuza kitandani. Ni Mwislamu, tasbihi haimtoki mkononi, lakini nikimwosha hunisimulia miungu ya kale ya kwao utadhani ni majirani waliohama juzi. Mwanzoni, asema, kulikuwa na Nuni tu, maji meusi yasiyo na ufuko. Kisha mungu Ptahi akawaza kitu moyoni, akakitaja kwa ulimi, kikawa. Kisichotajwa kilibaki majini.

"Na hayo maji yalikauka, Ustadh?"

"Yakauke wapi! Yameizunguka dunia, yanangoja."

Mkristo mzima ningecheka. Sikuweza. Hata mimi nilipiga magoti mbele ya altare, nikatajwa jina, nikawa.

Jibu la Mama Mkuu lilifika Ijumaa baada ya misa, ujumbe wa sauti. Nilikuwa nimesimama uani na Milcah, Mwanglikana wa kanisa la jirani, mtu wa pekee niliyemwambia habari zangu. Nikafungua simu, akatega sikio.

"Dada Chebet mpendwa," sauti ikaanza, laini kama uji wa mgonjwa.

Milcah akanikumbatia. "Aki, si hiyo ni poa! Umeskia? Amekuita dada! Mtu akikukataa anakuitanga dada?"

Nilitamani kumzaba kofi, naye hana kosa. Utawani sisi kwa sisi ni Sista. Dada ni yule anayeleta sukumawiki langoni, akashukuriwa, akaenda zake. Mama Mkuu alikuwa amemaliza kusema kabla hajaanza. Mengine niliyasikia kwa mbali: wamesali, wameona Mungu ananiongoza njia nyingine, nisihuzunike. Jina la Imakulata wamempa mnovisi mpya, msichana anayeanza utawa, ili lisikae bure.

Nikaurudia ujumbe mara nne, nikitafuta kama ulimi umemteleza hata mara moja akaniita Sista. Haukuteleza.

Jioni, nikimgeuza Ustadh ubavu, nilimuuliza kama Ptahi aliwahi kumfuta mtu aliyemtaja.

"Yeye, hapana. Watu ndio hufuta. Niliwahi kuona ukuta wa hekalu, jina la malkia limekwanguliwa herufi kwa herufi, na ua lililochorwa kando yake halina hata mkwaruzo. Aliyekwangua alikuwa fundi, tena mwenye subira."

"Namjua," nikasema.

Akanitazama. Nikamweleza yote, utawa, baba, barua, dada. Nililia jinsi ambavyo sikulia hata matangani kwa baba, kwa sababu baba alikufa akiwa na jina lake. Mzee akanyoosha mkono wake mmoja wenye nguvu, akanishika kiganja.

"Huko utawani walikuita nani, binti yangu?"

Nikafungua kinywa kumjibu, nikakifunga. Lilikuwa jina la msichana mwingine.