Kunguru Hawakushuka

Jua lilikuwa limeshapanda, na matonge ya wali bado yalikuwa juu ya jani la mgomba, hayajaguswa. Kunguru walikaa kwenye mkwaju ng'ambo ya mto, wakitazama tu.

"Kaka hataki kula," alisema Obulesu. "Roho yake haijatulia. Maddileti, mwahidi."

Kila mtu pale alijua ni ahadi gani. Kunguru ndio humlia marehemu; wasiposhuka kuula wali wake siku ya matanga, mwanawe humwahidi kile alichokufa akikitamani, na neno lililosemwa mbele ya wali ule halirudi. Obulesu, mdogo wa marehemu, alitaka kichwa cha Keshavulu, aliyemkatakata kaka yake kwenye kituo cha basi.

Sunkamma alisimama nyuma na wanawake wenzake. Alimtazama mdogo wake Maddileti: kichwa kimenyolewa upya, kifua wazi. Akisema tu, ataua, au atauawa akijaribu.

"Ee Mungu Narasimha, mfunge mdomo," aliomba kimoyomoyo. "Mfunge kabla hajasema."

"Sema basi, mwanangu," Obulesu alihimiza. "Au nikuletee bangili uvae kama mwanamke?"

Watu wake wakacheka. Sunkamma akawapita katikati.

"Baba mdogo, watu wako wameuzunguka wali na mapanga mkononi. Hata mimi ningekuwa kunguru nisingeshuka. Waambie wasogee."

"Rudi kwa wanawake wenzako. Hawa wanamlinda mdogo wako."

"Kama walivyomlinda baba? Siku ile kituoni walikuwa wapi?"

Kicheko kilikatika. Mmoja wao akainama kutazama viatu vyake.

"Keshavulu amemuua baba yako," Obulesu alisema taratibu, kama anayemwelekeza mtoto. "Damu yako haichemki?"

"Inachemka. Na baba alimuua kaka yake Keshavulu. Mjane wake naye alipika wali kama huu, nawe ulikaa barazani kwetu ukasema kunguru wa kwao wameshiba. Ulicheka mpaka ukapaliwa na chai. Nilikuwepo, mimi ndiye niliyekuletea maji."

Obulesu alimgeuzia mgongo. "Maddileti, ahidi twende."

Maddileti akapiga magoti mbele ya jani, akafumbua mdomo. Sunkamma akamtangulia.

"Baba, mimi binti yako nakuahidi: Maddileti hataua mtu kwa ajili yako. Kama hupendi, kaa na njaa yako."

Wanawake wakaziba vinywa kwa viganja. Obulesu aliinua mkono ampige. Maddileti akaruka, akaudaka.

"Ameshaahidi, baba mdogo. Neno halirudi."

"Neno la mwanamke?"

"La mtoto wake. Mimi sina la kuongeza."

Obulesu akajinasua, akatema mate chini. "Basi Keshavulu akiwajia, msinipigie simu."

Magari yake yaliponguruma, kunguru wote waliruka wakaenda zao. Maddileti aliubeba wali mikononi, akaumwaga mtoni.

Sunkamma alimkasirikia Obulesu, lakini zaidi alimkasirikia marehemu, aliyewatafutia maadui kisha akaenda zake.

"Wakija kweli, dada, nani atatusaidia?"

"Hakuna," alisema Sunkamma. "Vaa shati. Mama yuko peke yake nyumbani."