Jina la Baba Mkwe

Baba mkwe wangu anaitwa Kazuba. Hata kuliandika mkono unanisita, maana kwetu Burundi mke hatamki jina la baba wa mumewe, wala neno lililomo ndani ya jina hilo. Kwa Kirundi, izuba ni jua. Kwa hiyo tangu niolewe nasema "kile kinachokausha dagaa", na watu wananielewa.

Tulikuwa tumekimbilia Ujiji, tukapanga chumba Kasingirima. Mume wangu Selestini alikuwa Katonga akipakua samaki, ndiyo maana mzee nilimpeleka hospitali mimi. Yeye hakujua Kiswahili. Mimi shule niliiacha darasa la nne, lakini Kiswahili nilikiokota sokoni.

Daktari Erick, mtu wa Mbeya, alisema ni saratani ya utando unaozunguka pafu. Imetokana na vumbi, kwa kuwa ujanani mzee alikuwa fundi wa kukata mabati ya asbesto. Kupona hakuna. Zipo dawa za kutundikiwa kwa dripu, huenda zikaupunguza kasi ugonjwa, ila zinatapisha na kunyonyoa nywele, na kwa udhaifu ule daktari aliziogopa. Ilibaki mionzi, huko Dar es Salaam, ya kutuliza maumivu ya ubavu yaliyomnyima mzee usingizi. Shirika la wakimbizi lingempeleka kwa treni, mradi akubali leo.

Neno mionzi sikulijua, na kuuliza niliona aibu. Daktari aliusoma uso wangu. Akasema ni kitu kisichoonekana, kinapita mwilini kama joto la jua linavyopita kwenye shuka.

Jua. Na mzee amekaa pale pale, goti lake karibu liguse langu. Nikatafuta neno la kukwepea, nikapata umuriro. Moto.

Mzee akanitazama. "Mwambie mimi si samaki, si mgebuka. Siokwi nikiwa hai."

Nilipotafsiri, daktari aliacha kuandika. "Nani amesema anaokwa? Dada, umemwambia nini?"

Nikavuta kitenge mpaka mdomoni. Akanieleza taratibu kwamba mzee akikataa, yeye daktari amebakiwa na vidonge tu, na maumivu haya yatavishinda. Mzee alikuwa amekwisha inuka, kashika ubavu, anapapasa ukuta ajiegemeze.

Nikatazama sakafu. "Si umuriro," nikamwambia. "Ni izuba."

Masikio yaliniwaka. Nilingoja anitukane, au aseme nyumbani kwetu hawakunifunza. Nikasikia anakaa, kisha anacheka kidogo, mpaka kikohozi kikamkatiza.

"Kumbe wananitibu kwa mimi mwenyewe," alisema. "Haya, nitakwenda."

Lakini alisema akiutazama ukuta, wala hakuniita mwanangu kama alivyozoea.

Daktari akaniuliza amesema nini.

"Amekubali," nikamjibu.