Mistari Minne Kabla ya Sifuri

Ishimwe alizaliwa Jumatatu akiwa na kilo tatu na gramu mia moja. Siku ya saba, kwenye zahanati ya kijiji, alikuwa na kilo tatu kamili. Muuguzi Priscila alisema mtoto kupungua kidogo wiki ya kwanza ni kawaida. Akaandika uzito huo kwenye kadi, na pembeni akaongeza kwa penseli: khanga, gramu 200. Hudhurio lililofuata lilikuwa siku ya ishirini na nane. Kati ya siku hizo mbili hapakuwa na mtu wa kumpima mtoto, na ugomvi ulianza hapo katikati.

Ulianza kwa sababu Ishimwe hakuwa akilala usiku. Mama yake, Deodata, alikuwa mwalimu wa fizikia, na kando ya kitanda aliweka daftari. Usiku wa kumi na tisa uliandikwa hivi: saa tatu na nusu, saa tano, saa sita na robo, saa nane, saa tisa na dakika kumi, saa kumi na nusu, saa kumi na mbili kasorobo. Mara saba. Kila mara alinyonya kati ya dakika ishirini na arobaini, akacheua, akabadilishwa nepi, akalala.

Mama mkwe wake, Genoveva, alikuwa amehamia kwao tangu siku ya kwanza kumtunza mzazi. Alipika, alichemsha maji ya kuogea, alifua nepi, na alikuwa na maelezo yake.

"Mtoto aliyeshiba halali hivyo," alisema. "Mimi nimelea saba. Wote walikunywa maziwa ya ng'ombe kabla ya mwezi kuisha, na usiku nyumba ilikuwa kimya kama kanisa siku ya kazi."

"Mama, zahanati wamesema maziwa yangu tu, miezi sita."

"Zahanati wanalala kwao. Maziwa yako ni mepesi, mwalimu. Labda huko kwenu Biharamulo ndivyo yalivyo. Hapa Ngara tunaona kama maji."

Deodata alizaliwa Nyakahura, Biharamulo, na utani huo alikuwa ameuzoea tangu arusi. Kwa kawaida angejibu. Siku hiyo hakujibu, kwa sababu alfajiri kilikuwa kimetokea kitu ambacho hakukiandika kwenye daftari. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akinyonyesha, akapitiwa na usingizi, na mtoto akateleza kutoka mikononi hadi magotini. Ilibaki kidogo tu afike sakafuni. Genoveva ndiye aliyemdaka, akiwa amebeba beseni la nepi kwa mkono mwingine.

Jumapili jioni walikaa watatu. Benedicto, mume wa Deodata, alikuwa karani wa mizani wa chama cha ushirika cha kahawa. Ulikuwa msimu wa mavuno. Kahawa mbivu haisubiri. Inayochumwa asubuhi hupimwa alasiri ileile, na Benedicto alirudi nyumbani kila siku na vumbi hadi kwenye kope. Hakupenda kubishana. Alipenda kupima.

"Nitaleta mizani ndogo," alisema. "Leo hakuna kazi. Tumpime. Namba itasema."

"Ikisema ameongezeka?" aliuliza Genoveva.

"Tunaendelea kama zahanati walivyosema."

"Na isiposema hivyo?"

Benedicto alimtazama mkewe. Deodata alifikiria kidogo. Yeye mwenyewe darasani hufundisha kwamba anayekubali kupima amekubali pia majibu.

"Kama hajaongezeka vya kutosha," alisema, "kesho saa nne Mama atampa hayo maziwa. Sitabisha."

Mizani ilitundikwa kwenye boriti ya varanda. Ilikuwa ya duara, ya kilo ishirini na tano, kila mstari gramu mia moja, sawa na ile ya zahanati. Ishimwe alifungwa kwenye khanga na kutundikwa. Alilia. Deodata aliweka mikono chini yake bila kumgusa, naye Benedicto akamulika kwa tochi ya simu.

"Tatu na mia tatu," alisoma. "Toa khanga, mia mbili. Tatu na mia moja."

Ilikuwa siku ya ishirini. Tangu siku ya saba, gramu mia moja tu. Kiasi cha kawaida kingekuwa mara tatu ya hapo, au zaidi.

"Haya," alisema Genoveva. Hakusema kwa kushangilia. Alimchukua mjukuu wake na kumfunga mgongoni.

Usiku huo Ishimwe aliamka mara nane.

Asubuhi Benedicto alikwenda mapema kufungua ghala, akaacha mizani, kwa ahadi kwamba angeifuata kabla ya saa nane mchana, kazi ya kupima inapoanza. Genoveva alileta maziwa kutoka kwa jirani, akayachemsha, akayaweka yapoe. Kikombe na kijiko vilikuwa juu ya meza, vimefunikwa kitambaa. Ilikuwa saa tatu kasoro.

Deodata alikaa na daftari. Upande wa kushoto wa kila ukurasa ulikuwa na saa za kunyonya. Upande wa kulia alikuwa akiweka alama kwa kila nepi iliyoloa. Kwa siku saba mfululizo alama hazikuwa chini ya nane. Mtoto asiyepata maziwa hawezi kukojoa mara nane. Lakini mizani ilisema haongezeki vya kutosha. Vitu viwili hivi havikuweza kuwa kweli kwa pamoja, na nepi alikuwa amezigusa kwa mkono wake.

Alichukua kilo ya sukari iliyonunuliwa juzi, ikiwa bado imefungwa kwenye mfuko wake, akaitundika. Mshale ulisimama kwenye mia sita.

"Mama," aliita. "Njoo uone."

Genoveva alitazama mshale, kisha mfuko, kisha mshale tena. "Ndassa!" alisema. "Gramu mia nne hazimo! Ameniuzia mimi! Mimi niliyempa kuku alipohamia hapa!" Deodata hakuwahi kumaliza kusema asubiri. Mkwe wake alikuwa tayari barabarani na mfuko mkononi.

Ndassa alikuwa na duka hatua mia mbili kutoka pale. Alikuja nyuma ya Genoveva, akiwa mtulivu, na mfuko wa suruali yake ukining'inia kwa uzito wa kitu.

"Shikamoo mama, nilikuamkia dukani hukuitika," alimwambia Genoveva walipofika, "kwa hiyo naamkia tena mbele ya shahidi."

"Marahaba, mwizi."

"Mwalimu, habari za uzazi? Nimeambiwa nakula sukari ya mtoto." Alitoa mfukoni jiwe la mizani, chuma cheusi cha kilo moja. "Hili lina muhuri wa watu wa vipimo. Tundika."

Deodata alilifunga kwenye khanga nyembamba ya kichwani na kulitundika. Mshale ulipita mia sita kidogo, uzito wa kitambaa, ukasimama.

"Na serikali nayo inaiba?" aliuliza Ndassa.

Deodata aliondoa jiwe, na kwa mara ya kwanza akatazama mizani ikiwa tupu, mchana, kwa ukaribu. Mshale haukuwa kwenye sifuri. Ulikuwa umetulia nyuma yake. Alihesabu: mstari mmoja, miwili, mitatu, minne.

Kila mwaka alikuwa akiwakata alama wanafunzi wa kidato cha kwanza walioanza kupima bila kuangalia sifuri. Alimpigia mumewe.

"Beno, mizani yako ikiwa haina kitu, mshale unakaa wapi?"

"Haina kitu kivipi?"

"Haina kitu. Haijatundikwa chochote."

Nyuma yake ilisikika sauti ya mtu akiburuta magunia. "Sijui," alisema Benedicto. "Ndoo haitoki pale. Mwanzo wa msimu naikaza skrubu ili ndoo tupu isome sifuri, mkulima asipimiwe ndoo. Kisha ndoo inabaki hapo hadi... Ndoo ina gramu mia nne."

"Jana uliitoa ndoo ukaleta mizani."

"Nakuja," alisema.

Alifika saa nne kasoro dakika tano, akihema. Hakumsalimia mtu. Alilegeza skrubu kwa ncha ya kisu hadi mshale ukarudi kwenye sifuri, akatundika jiwe la Ndassa: kilo moja. Akalitoa, akalitundika tena: kilo moja. Ndipo Deodata alipomfunga Ishimwe kwenye khanga ileile ya jana.

"Usome wewe, Mama," Benedicto alimwambia mama yake.

Genoveva alisogea. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mistari. "Tatu... na mia saba."

"Toa khanga."

"Tatu na mia tano."

Nusu kilo katika wiki mbili. Deodata aliandika kwenye daftari, akaifuta namba ya jana kwa mstari mmoja, na kando yake akaandika sababu.

"Basi kama ameshiba," alisema Genoveva, "anaamkia nini?"

"Tumbo lake ni dogo, Mama. Linajaa upesi, linaisha upesi. Bado miezi."

"Miezi!" Genoveva alimtazama mwanamke aliyekuwa mbele yake: macho mekundu, kitenge kimefungwa upande mmoja juu kuliko mwingine. "Mtoto mizani imemtetea. Wewe nani anakupima? Jana ulimwangusha."

Benedicto aligeuka. "Nani aliangushwa?"

Deodata alieleza. Alieleza yote, pamoja na beseni. Ndassa alilichukua jiwe lake, akasema ameacha duka wazi, akaondoka.

Walipanga pale pale varandani. Tangu siku ile Deodata hatakaa ukingoni mwa kitanda kunyonyesha. Mkeka utatandikwa chini, mgongo kwenye ukuta. Mara mbili za kwanza za kila usiku Benedicto ndiye atakayebadilisha nepi na kumcheulisha mtoto, kahawa au si kahawa. Akishanyonya saa kumi na nusu, Genoveva atamchukua, amfunge mgongoni, akae naye jikoni mpaka atakapolilia ziwa.

"Huko jikoni akilia sana?" aliuliza Benedicto.

"Nitamletea mama yake. Nimelea saba, sijasema nitamtafunia muwa."

Aliingia ndani, akarudi na kikombe cha maziwa. Alimkabidhi Deodata bila kijiko.

"Kunywa wewe. Yatamfikia."

Deodata aliyanywa yote, akiwa amesimama. Benedicto alikaza skrubu hadi mshale ukarudi mistari minne nyuma, akaifunga mizani kwenye baiskeli. Safari hii aliandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye uso wa mizani: na ndoo tu.

Usiku huo Ishimwe aliamka mara saba. Mara ya sita ilikuwa saa kumi na dakika ishirini na tano. Iliyofuata ilikuwa saa moja na dakika tano asubuhi, lakini iliandikwa kwa mwandiko wa Benedicto, kwa sababu mwenye daftari alikuwa bado hajaamka.