Mgomo Chini ya Turubai la Misiba

Kilosa mtu akiona turubai limefungwa, majamvi yametandikwa na wanawake wamekaa na khanga mabegani, haulizi. Anarudi nyumbani, anachukua unga kidogo au kuni, anakuja, anasema poleni, anakaa. Aliyekufa ni nani atajua hapohapo, kwa kusikiliza. Anayeuliza akiwa bado amesimama anaonekana hakulelewa.

Naanza na hilo kwa sababu nimesemwa sana, mpaka Dumila nimesemwa, kwamba mimi Lightness, mwalimu wa stashahada mwenye mwaka mmoja na nusu kazini, nilitangaza msiba wa uongo. Sikutangaza chochote. Sikilizeni ilivyokuwa.

Aliyenilea ni mama yangu mdogo, Mwalimu Letisia. Amefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na sita, na shule yenyewe ndiyo hiyo ninayofundisha mimi. Mwaka jana alikuwa astaafu mwezi wa kumi na mbili. Kule Mikumi ana nyumba ya vyumba vitatu iliyofika kwenye lenta, juu ya madirisha, ikasimama hapo miaka mitano. Sebuleni yaliota majani. Nyani walikuwa wanaingilia mlangoni na kutokea juu. Kila alipoulizwa atapaua lini, alijibu, "Nikipewa mkupuo wangu."

Basi ikaja kanuni mpya ya kukokotoa mafao. Kwa kanuni ya zamani mstaafu alipewa nusu ya mafao yake kwa mkupuo, nusu ya pili akaipata kidogo kidogo kila mwezi. Kwa kanuni mpya mkupuo ungekuwa robo tu. Mama mdogo alipiga hesabu nyuma ya andalio la somo, akalifunga taratibu.

"Robo inanunua mbao," alisema. "Bati nitaezeka maneno."

Ndipo walimu tukagoma. Tulikubaliana hivi: tunafika shuleni, tunasaini kitabu cha mahudhurio, tunakaa nje, hatushiki chaki mpaka mtu kutoka wilayani aje atueleze.

Siku ya kwanza tulitukanwa vizuri sana. Mtihani wa Moko, ule wa majaribio wa darasa la saba, ulikuwa umekaribia na wazazi walikuwa na haki ya kukasirika. Mudi, kijana wa bodaboda ambaye ana binti darasa la saba, alisimamisha pikipiki yake mbele ya geti. Lakini Mwalimu Letisia ndiye aliyemfundisha kusoma, kwa hiyo hata ugomvi ilibidi auanze kwa adabu.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba, Mudi. Hujambo?"

"Sijambo, mwalimu. Nyie ni wavivu!"

"Ahsante, mwanangu. Funga kamba za viatu, utaanguka."

Akainama akafunga. Kisha akaendelea kututukana.

Siku ya pili mvua ikanyesha. Mwalimu mmoja akaenda kuazima turubai la mtaa, lile la buluu lenye kiraka cheupe. Sote tunalijua, kwa sababu halitoki stoo isipokuwa mtu amefariki. Tukalifunga kwenye miti mbele ya ofisi, tukaazima na majamvi. Baridi ilikuwepo, wanawake tukajifunika khanga. Mwalimu Magreti alikuwa anaumwa jino tangu juzi yake. Alijifunga kitambaa kichwani mpaka kidevuni, akashika shavu, machozi yakawa yanamtoka yenyewe. Ukituangalia kutoka barabarani, mh!

Wa kwanza kuingia alikuwa Bibi Agatha, aliyekuja kutoka Munisagara kuuza ndizi. Alitua kapu, akavua ndala, akakaa pembeni ya Mwalimu Magreti na kumshika mkono.

"Poleni, wanangu."

"Tumeshapoa, bibi," tukajibu. Mimi nilidhani ni mpenda haki, amekuja kutuunga mkono. Nilifurahi kweli.

Baada yake wakaja wanawake watatu na unga. Kisha wazee wa kiume na benchi lao. Mtu akaleta kuni, mwingine sufuria kubwa, mwingine kuku wawili wamefungwa miguu. Saa nne mafiga matatu yalikuwa yanawaka nyuma ya darasa la tano. Nikawaza, lo, kumbe Kilosa inatupenda hivi!

Kisha akatokea Mudi. Hakuwa na pikipiki. Alikuwa na jembe begani na uso wa huruma. Akaninong'oneza:

"Dada Lightness, jana nilikosea, nisamehe. Vijana wa kuchimba tupo sita. Tunaanza saa ngapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikaangalia turubai. Nikaangalia shavu la Mwalimu Magreti. Kicheko kikanishika hapohapo, ikabidi nijifunike khanga usoni. Mudi akadhani nalia. Akanipigapiga begani polepole. "Jikaze, dada."

Nilimfuata mama mdogo nikamweleza.

"Waambie," alisema. "Sasa hivi."

"Mama mdogo, wakijua wataondoka na kuku wao."

"Lightness!"

"Nitawaambia. Waache kwanza ugali uive."

Hilo ndilo kosa langu, kama mnalitafuta. Nilinyamaza kwa muda wa ugali kuiva.

Na katika muda huo lilifika gari la wilayani. Alishuka Bwana Gerald, afisa ambaye siku nzima ya jana yake tulimpigia simu haikupokelewa. Habari zilikuwa zimemfikia kwamba shuleni kwetu kuna msiba wa mwalimu. Alivua kofia, akavua viatu, akakaa jamvini na suruali yake nyeupe. Wanawake wakampa maji ya kunawa, wakamwekea ugali na paja la kuku. Akala. Alipomaliza akaniinamia.

"Marehemu ni nani hasa?"

Nikasimama. Msibani kwetu akisimama mtu katikati, watu wote wananyamaza wakijua ni wasifu wa marehemu.

"Ndugu waombolezaji," nilisema, "hakuna aliyekufa. Walimu tumegoma. Mvua imetukuta, tukaazima turubai. Mmekuja wenyewe na hakuna aliyetuuliza. Kinachotaka kuzikwa hapa ni paa la nyumba ya Mwalimu Letisia."

Sufuria ilisikika ikichemka. Kisha kelele.

"Nimetembea na jembe kutoka ng'ambo ya reli!" Mudi alipiga ukunga.

"Na kuku wangu je?" mwanamke mmoja akauliza. "Kuku wangu amekufa kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya tumbo lako," Bibi Agatha alimjibu. "Si umekula shingo na firigisi? Kaa chini. Tukishakaa tumekaa." Akamgeukia Bwana Gerald, ambaye alikuwa anavuta kiatu chake taratibu. "Na wewe baba, unakwenda wapi? Umeshakula hapa, na watu hawajatawanyika. Tueleze hilo paa limekosa nini."

Mtu hatoki msibani kabla ya wenzake kutawanyika, hata msiba ukikosa maiti. Bwana Gerald akarudisha kiatu mahali pake. Akaanza kueleza. Alisema wastani, akasema uendelevu wa mfuko, akasema kigawanyo. Watu wakamtazama kama wanavyotazama ubao uliofutwa vibaya.

Mama mdogo akainuka. Hakukasirika. Alichukua sahani ya ugali uliobaki, akaupiga kisu katikati.

"Watoto," alianza, kisha akacheka, maana nusu ya waliokaa pale walikuwa watoto wake wa darasa la kwanza. "Huu ni ugali wangu wa miaka thelathini na sita. Nusu hii nilikuwa nipewe siku ya kuondoka, nipaue nyumba. Na nusu hii nyingine ningelishwa tonge moja kila mwezi. Sawa?"

"Sawaaa!" wakaitikia watu wazima.

Akaikata nusu ya kwanza mara mbili, akasukuma kipande kimoja upande wa matonge. "Sasa wanasema nipewe hiki tu siku ya kuondoka. Mudi, simama. Kimebaki nini?"

Mudi akasimama na jembe lake. "Robo, mwalimu."

"Robo inafika kwenye bati?"

"Haifiki, mwalimu."

"Kaa chini. Mpigieni makofi."

Wakampigia makofi matatu, kama darasani. Na baada ya hapo Bwana Gerald hakuwa anajibu walimu peke yao. Alikuwa anajibu wauza ndizi, wachimba makaburi na wenye kuku, na wote walijua kugawanya. Kabla watu hawajatawanyika aliandika maelezo yetu kurasa mbili, akasaini mbele yao, akaahidi kuyapeleka juu. Mudi naye akaweka sharti lake: kesho yake turudi darasani, na Jumamosi tufidie siku mbili tulizokula. Tukakubali. Binti yake alifanya vizuri ule Moko, msiniulize zaidi.

Mwezi wa nane likatoka tangazo: watakaostaafu mwaka huo watalipwa kwa kanuni ya zamani, na ile mpya itajadiliwa upya. Sisemi ni turubai letu. Walimu na wauguzi walikuwa wamekaa nje katika miji mingi. Lakini sisi tu ndio tuliokaa na kuku.

Mwaka huu mwezi wa pili, mama mdogo akiwa na mkupuo wake mzima, tulipaua. Wale vijana sita wa kuchimba walikuja Mikumi na nyundo badala ya majembe. Mudi alisema deni la kazi halijaisha, alikuja kuzika akakosa cha kuzika. Nyani walikaa kwenye ukuta wa jirani wakitukodolea macho kwa chuki. Bati la mwisho lilipigwa misumari saa tisa, na saa kumi ikanyesha. Tulikaa sebuleni wote, hatusikilizani kwa kelele za mvua, mama mdogo anatazama juu tu, anatabasamu kama mjinga.

Bwana Gerald alikuwa amealikwa. Alikuja, akala, na safari hii aliuliza kwanza ni shughuli gani. Mvua ilipopungua akanivuta pembeni.

"Mwalimu Lightness, nimekuandikia mara tatu. Ofisi inasubiri barua yako ya kuomba radhi kwa kuwakalisha wananchi msibani bila msiba. Mistari miwili tu. Na mimi nilivua kofia, unakumbuka?"

"Nakumbuka, mzee. Ilikuwa kofia nzuri."

"Basi andika."

Nikamwangalia. Nikaangalia bati juu yetu, jipya, halina tundu hata moja.

"Siandiki," nilimwambia. "Siombi radhi."