Mkeka Uliochuja

Zuwena Kibwana wa Kerege alikuwa akiuza mikeka ya ukili mtandaoni. Akina mama wa jirani walisuka na kushona barazani kwake, yeye akapiga picha na kuziweka Instagramu, na mizigo ilifika Mwanza mpaka Muscat. Wifi yake, Ashatu, ndiye aliyejibu wateja. Hawakuwahi kulalamikiwa hadharani, mpaka picha ya bwana harusi iliposambaa.

Picha ilimwonyesha kijana kwa nyuma, ametoka kuozeshwa kwao Bunju. Kanzu yake nyeupe ilikuwa na doa la zambarau, kubwa kama sahani, pale alipokalia. Aliyeiweka ni dada yake, Sabiha, na chini aliandika: "Huu ndio mkeka wa Zuwena. Kaka yangu ameingia kwa mkewe hivi hivi, ukumbi mzima unacheka."

Zuwena alipoiona, ilikuwa imeshazunguka kwenye makundi ya harusi ya nusu ya Dar. Lakini kilichomkata maini ni jibu lililoandikwa chini yake kwa jina la biashara: "Mmemwaga maji wenyewe halafu mnatusingizia. Tafuteni umaarufu kwingine."

"Wifi, haya umeandika wewe?"

"Ni mimi. Wanatuchafulia jina, tunyamaze?"

"Mkeka wenyewe umeuona?"

"Sijauona."

"Basi umejuaje kuwa wamemwaga maji?"

Ashatu akanyoosha mkono achukue simu afute. Zuwena akamkatalia. Watu walishalihifadhi jibu lile, na kulifuta kungewafanya waonekane wanaficha. Akaandika mwenyewe chini yake: "Mimi ni Zuwena, mwenye biashara. Jibu hilo ni kosa letu, naomba radhi. Kilichoupata mkeka bado sikijui. Nakitafuta, na nitakachokikuta nitakisema hapa hapa."

Kabla hajaweka simu chini, akapigiwa na Ridhiwani, mpambaji wa kumbi ambaye alikuwa ameagiza mikeka ya harusi kubwa Bagamoyo mjini. "Dada Zuwena, tuisimamishe kwanza ile kazi," alisema. "Wateja wangu wameiona picha." Zuwena alimjibu kwamba amemwelewa.

Kisha akalowesha kitambaa cheupe na kuanza kusugua mkeka mmoja baada ya mwingine. Mwekundu haukutoa kitu. Wa kijani haukutoa kitu. Wa zambarau uliacha kitambaa kikiwa kama kimechovywa kwenye juisi ya zambarau. Bi Mwanajuma, ambaye ndiye aliyetia ukili rangi, alikichukua kile kitambaa.

"Ile rangi ya zamani ilikosekana dukani, mwanangu," alisema. "Nikachukua nyingine. Nayo nikaichemsha kama ile ya siku zote, kumbe hii haishiki."

"Nami nikaipeleka sokoni bila kuijaribu," Zuwena alisema. "Hilo ni langu, bibi, si lako."

Jioni ile alirekodi video, kile kitambaa mkononi, akaeleza yote, na kuwaomba wote walionunua mkeka wa zambarau wasiukalie. Ashatu alimsihi asifanye hivyo. "Ambao hawakujua sasa watajua. Unajimaliza mwenyewe, wifi."

"Na kanzu ya pili ikichafuka, nitasema nini?"

Wakashinda kwenye simu siku nzima iliyofuata, wakiwapigia wateja mmoja mmoja kuwaahidi mikeka mingine. Wengine walifoka. Wengi walishangaa kupigiwa.

Baada ya hapo Zuwena akapanda gari kwenda Bunju, na kanzu mpya kwenye mfuko. Mama yake bwana harusi, Bi Arafa, alimpokea mlangoni.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye Zuwena wa mikeka."

"Marahaba. Karibu ndani."

Sabiha alikuwa amekaa kwenye kochi, hakunyanyuka. Alimtazama mgeni mikono yake, kisha nyuma yake. "Mpiga video yuko wapi?"

"Nimekuja peke yangu. Siku ile ilikuwa yenu, nami nimewaharibia. Nimekuja kuwaomba radhi."

Bwana harusi mwenyewe, Yahya, alitokea chumbani, akaipokea kanzu mpya, akaijaribu juu ya shati na kucheka. Mkewe, alisema, amekataa ile yenye doa ifuliwe, anataka kuiweka kumbukumbu. Bi Arafa akacheka naye. Sabiha alikawia, lakini alikwenda jikoni akarudi na chai.

Usiku aliifuta picha bila kuombwa. Mahali pake akaandika: "Huyu mama amekuja mpaka nyumbani. Mnunulieni."

Wakamnunulia. Oda zilizomiminika wiki ile Ashatu hakuweza kuzijibu peke yake. Wengi walisema wameiona video ya kitambaa na kwamba hawajawahi kumwona muuzaji anayewakataza watu kutumia bidhaa yake. Ridhiwani hakupiga simu. Alikuja mwenyewe Kerege na gari tupu.

"Nilikuwa nangoja nione utajibu nini," alimwambia Zuwena. "Nataka mikeka ya harusi ile, na ya kumbi zangu zote mwaka huu."

Zuwena akamwonyesha mikeka iliyokuwa tayari, myekundu na ya kijani. Bi Mwanajuma akapiga kigelegele, akina mama wakakipokea, na Ashatu akaanza kubeba mikeka kuipeleka garini.